Pawa saplai mpya: ipe mzigo kwanza

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu pawa saplai za kompyuta za mezani, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani na kuvigawia vifaa vya ndani, na ninafurahi, kwa sababu hiki ndicho kifaa ambacho watu hukinunua mwisho kwa chenji iliyobaki, halafu ndicho kinachoshika roho ya vingine vyote.

Fundi, boksi limeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Nitajuaje kama ni 600 kweli?

Achana na boksi, soma lebo iliyo ubavuni mwa pawa saplai yenyewe. Utaona jedwali dogo lenye +3.3V, +5V na +12V. Chukua ampea za 12V uzidishe kwa 12. Karibuni nilishika moja ya “wati 600” ambayo lebo yake ilisema ampea 25 kwenye 12V. Hizo ni wati 300. Nyingine zimejazwa kwenye 3.3V na 5V, ambako kompyuta ya siku hizi haili sana. Prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakubwa, wote wanakula 12V. Ya wati 600 iliyotengenezwa kwa uaminifu itakuonyesha ampea 49 au 50 hapo.

Ukikuta 12V imegawanywa mara mbili au tatu (12V1, 12V2), usijumlishe ampea zake. Tafuta jumla ya wati za 12V iliyoandikwa chini yake, ndiyo yenye ukweli.

Nimeunganisha waya wa kijani na mweusi wa plagi yake bila kuifunga kwenye kompyuta, feni ikazunguka. Si ni nzima?

Umejua kwamba inawaka, basi. Kuwaka bila mzigo, yaani bila vifaa vinavyovuta umeme wake, hata mbovu huweza.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Ifunge kwenye kompyuta, washa, weka mita yako ya kupimia umeme (multimeter) kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse waya mweusi. Ncha nyekundu iingize taratibu kwa nyuma ya plagi ile pana ya pini 24, pale waya wa njano unapoingia, mpaka usikie imegusa chuma. Shika ncha imara, maana ikiteleza na kugusa pini ya jirani utasababisha shoti. Njano ni 12V, nyekundu 5V, chungwa 3.3V. Kama waya zako zote ni nyeusi, fuata mchoro wa pini badala ya kubahatisha.

Sasa fungua gemu zito au programu ya kuchosha kadi na prosesa kwa pamoja, uiache nusu saa ipate moto. Utaratibu wa ATX, yaani kanuni zinazofuatwa na watengenezaji wa pawa saplai hizi, unaruhusu asilimia 5 juu au chini: yaani 12V iwe kati ya 11.40 na 12.60, na 5V kati ya 4.75 na 5.25. Lakini mimi naangalia zaidi inavyoshuka. Ikitoka 12.10 ikatulia 12.03, umepata kitu. Ikitoka 12.10 ikaporomoka hadi 11.50, bado iko ndani ya sheria, ila kama ni mpya ningeirudisha dukani siku hiyohiyo. Mpya haitakiwi kuhema namna hiyo, na miaka itaizidishia udhaifu.

Kuna jambo moja ambalo mita haioni: mawimbi madogo yanayopanda juu ya volti. Kwenye 12V yasizidi milivolti 120, kwenye 5V na 3.3V yasizidi 50. Kuyapima kunahitaji osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, kwa hiyo kabla ya kununua tafuta vipimo vya watu walioifungua na kuipima modeli hiyohiyo.

Pawa saplai yenye nembo ya 80 PLUS ya dhahabu (Gold) ni bora kuliko ya shaba (Bronze)?

Nembo ya 80 PLUS, iliyoanza 2004, inapima ufanisi tu, yaani kiasi cha umeme wa ukutani kinachofika kwenye vifaa bila kupotea kama joto. Kwenye umeme wa volti 115, ikiwa na nusu ya mzigo wake, ya shaba inafikisha asilimia 85, ya dhahabu 90. Kompyuta ikila wati 300, ya shaba itavuta kama 353 ukutani, ya dhahabu 333. Tofauti hiyo ya wati 20 ni joto. Nembo haisemi lolote kuhusu mawimbi wala kinga, yaani sehemu inayoizima pawa saplai ikizidiwa.

Nyaya za pawa saplai yangu ya zamani zinaingia vizuri kwenye mpya. Nizitumie?

Hapana, tafadhali. Upande wa vifaa plagi zinafanana, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo. Niliwahi kufanya hivyo kwa haraka zangu: 12V ikapita palipotakiwa 5V, diski mbili zikafa papo hapo, moja ikiwa na picha za familia ambazo sikuzipata tena. Nyaya zilizokuja nayo ndizo zake.

Kompyuta inazima ghafla nikicheza gemu tu, na pawa saplai ni mpya.

Ulaji wa umeme wa kadi za grafiki huruka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, zikavuta zaidi ya wati zilizoandikiwa. Ndiyo maana ATX 3.0 ya 2022 iliweka masharti ya kuvumilia miruko hiyo. Anza na waya: kama kadi ina soketi mbili za pini 8, kila moja ya wati 150, ipe nyaya mbili tofauti badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili. Ikiendelea, na haikubali kuwaka mpaka uzime swichi ya nyuma, mara nyingi ni kinga yake imejifunga. Hapo ama mzigo umeizidi, ama ina kasoro.

Inatoa mlio mwembamba. Niifungue nitazame?

Usiifungue. Kapasita kubwa ya ndani, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mlio mara nyingi ni wa koili na hauna madhara. Lakini ukiambatana na harufu ya kuungua, chomoa na uirudishe ilivyo, lakiri yake ikiwa nzima.