Mwenye shibe na kreti ya kijivu

Wiki iliyopita niliandika kwenye grupu la ukoo kwamba nimechoka kusikia uchumi wa nchi hizi tajiri za Ulaya lazima ukue kila mwaka, hata kama hali ya hewa inaharibika. Majibu yakaja ya moto. Binamu yangu wa Korogwe akasema, "Dada, mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Mjomba akauliza kwa upole wake: kama kukua ni kubaya, mbona hela ya dawa za bibi inatoka hukohuko? Nimelala na maneno hayo siku nne.

Mnajua nabeba maboksi. Ghala letu liko nje kidogo ya jiji la Köln, hapa Ujerumani, na linapokea nguo ambazo wateja wamezirudisha. Nafungua mfuko, natoa gauni, lebo bado inaning'inia, nalikagua chini ya taa. Likiwa na doa la poda kwenye kola linaingia kreti ya kijivu, na kilichoingia humo hakirudi dukani. Nguo imeshonwa Asia, imevuka bahari, imelala siku tatu kwa mtu ambaye hakuihitaji, halafu inakuja kufia mikononi mwangu. Mshono, meli, lori na zamu yangu, vyote vimeuzwa na kununuliwa, kwa hiyo kwenye vitabu vya uchumi vyote ni mapato ya mtu fulani. Uchumi ukikua asilimia 3 kila mwaka, baada ya miaka 24 hivi umekuwa maradufu. Nikiliangalia ghala lile najiuliza tutaziweka wapi kreti nyingine.

Kilichonibadilisha hasa ni matope. Julai 2021, usiku wa kuamkia tarehe 15, mto Ahr, huku magharibi mwa Ujerumani, ulifurika. Ni mto mdogo, siku za kawaida sehemu nyingine unavuka kwa kukunja suruali tu. Usiku ule ulibeba madaraja na nyumba, na bondeni humo peke yake walikufa watu zaidi ya 130. Wanasayansi walipochunguza mvua ile walisema joto la dunia limeongeza uwezekano wa mvua za namna hiyo. Baada ya wiki mbili nilikwenda Ahrweiler, mji wa bondeni humo, na wenzangu kuzoa. Tope lilinuka mafuta, maana watu wengi huku walikuwa na matangi ya mafuta ya kupashia nyumba joto katika vyumba vya chini ya ardhi, na maji yaliyang'oa matangi hayo. Bibi mmoja alinipitishia sahani dirishani, moja moja, nami nikazisuuza kwenye beseni. Hakutoa chozi mpaka ilipofika albamu ya picha, kurasa zimegandana kama mkate uliolowa.

Serikali ilitenga hadi euro bilioni 30 za kujenga upya maeneo yaliyofurika. Kila tofali na kila siku ya fundi inaingia kwenye pato la taifa. Albamu haimo. Jirani aliyetuletea supu hayumo. Simon Kuznets, mmoja wa waasisi wa hesabu hizo, aliliambia Bunge la Marekani mwaka 1934 kwamba pato la taifa halitoshi kupima ustawi wa watu. Wamelitumia hivyohivyo.

Nisiwadanganye, wamejitahidi. Tangu 1990 Ujerumani imepunguza sana gesi chafu huku uchumi ukikua. Lakini sehemu ya moshi imehamia kule zinakoshonwa nguo ninazozikagua, na hata baada ya kupunguza, mtu mmoja huku bado anatoa kama tani 7 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani.

Kwa hiyo binamu, sikukukataza kula. Zahanati inayozimika umeme usiku inahitaji umeme, na barabara ya mama inahitaji lami. Hapo kueni. Desemba 2023 huko nyumbani Tanzania tope la Mlima Hanang lilipoufunika mji wa Katesh niliitazama video na kuikumbuka harufu ya Ahrweiler, nikawaza ni nani atawatengea wale bilioni 30. Walioshiba ndio ninaowaambia wapunguze, nami nimo, na nilipo ndipo ninaposemea.

Mjomba, swali lako ndilo gumu. Mwaka 2023 na 2024 uchumi wa hapa ulisinyaa, na ghalani kwetu walioondolewa kwanza ni sisi tulioajiriwa kupitia wakala, wageni, wenye mikataba mifupi. Pensheni, bima, kodi, kila kitu kimejengwa kwa kutegemea kwamba mwakani kutakuwa na zaidi. Wakisimama ghafla, tunaoanguka ni sisi. Ningekubali kufanya zamu nne badala ya tano, nguo chache zishonwe na zidumu, ili mradi kodi ya nyumba isinimalize. Hospitali za huku zinalia hazina wauguzi, na watu wazima tunasimama usiku kucha tukikagua madoa ya poda. Hilo linaniuma kuliko baridi.

Hela ya dawa nitatuma tarehe 28 kama kawaida. Mkataba wangu unaisha Machi. Usipoongezwa nitatafuta ghala jingine, na nitaomba Mungu nilikute limejaa.