Usisubiri hofu ipungue ndipo uanze tiba

Mdogo wangu, umeuliza mengi: hii tiba ya fikra na tabia, CBT, inaanzaje, inachukua muda gani, bei yake, na kama dawa utaziacha. Mimi nimekwama kwenye sentensi yako moja: "Kwa sasa nimeacha daladala, natembea kwa miguu kutoka Mwanjelwa hapa Mbeya; nangoja hofu ipungue, ndipo nianze." Usifanye hivyo! Nenda tarehe ileile uliyopangiwa, na kuanzia leo usiongeze kitu kingine cha kukikwepa.

Mimi shambulio la hofu lilinikuta kwenye kosta, tumeshapita Tukuyu tunateremka Kyela kufuata mchele. Moyo mbio, vidole ganzi, kifua kimebana, nikajua nakufa. Nikamlilia konda asimamishe gari. Nikashuka, na muda si mrefu nikawa mzima kabisa. Mtego uko hapo: akili ikaamini kilichoniponya ni kushuka.

Hospitali walinipima moyo, damu na tezi ya shingo, wakakuta niko sawa. (Kama hujapimwa, anza na hilo.) Wakanielekeza kwa mtu wa saikolojia, lakini ndugu wakaniwahisha kwa mtu aliyejiita mshauri nasaha. Huyo ndiye aliyeniharibia. "Epuka mazingira yanayokupa hofu mpaka upate utulivu," ndiyo ilikuwa dawa yake. Nikae siti ya mlangoni, nibebe chupa ya maji, nisisafiri peke yangu. Kila nikimlipa natoka nimefarijika, na maisha yanazidi kuwa madogo. Nikaacha Kyela, nikaacha Tukuyu, hata Uyole ikanishinda. Mwisho siwezi kupanga foleni benki, na kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Wateja wangu wa mchele wakahamia kwa wengine, mtaji ukaliwa na kodi ya fremu. Hasira yangu kwake haijaisha, na si ya pesa. Muda wote ule hakuniuliza hata mara moja: umeacha kufanya nini?

Mtaalamu wa kweli, yule wa saikolojia niliyemfikia baadaye, aliuliza hilo siku ya kwanza. Siku hiyo tegemea maswali mengi kuliko majibu, na fomu fupi ya kujaza: katika wiki mbili zilizopita wasiwasi umekusumbua mara ngapi, umeshindwa kutulia mara ngapi. Hatakuhubiria. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani aliyeijenga tiba hii miaka ya 1960, alitaka wazo lipimwe kwa ushahidi, si mgonjwa abembelezwe. Wazo langu lilikuwa "moyo ukienda mbio utasimama". Basi mtaalamu wangu akanikimbiza palepale ofisini, kisha akaniambia nipumue harakaharaka mpaka kichwa kizunguke. Dalili zilezile za kwenye kosta zikaja zote, nimekaa kwenye kiti, mlango umefungwa. Akasema, tulia, zitazame. Nikawa naangalia vidole vyangu vinavyochomachoma, ganzi ikitoka taratibu mpaka ikaisha. Hakuna aliyenishika mkono, wala sikunywa maji.

Baada ya hapo tukapanga ngazi ya hofu, kuanzia 0 hadi 100. Kukaa ndani ya daladala iliyosimama pale Kabwe niliipa 30. Kwenda Uyole, 50. Kyela siti ya nyuma dirishani bila chupa ya maji, 95. Kila ngazi unairudia mpaka ikuchoshe, unaandika kwenye daftari siku hiyohiyo: kabla, ulitegemea nini kitatokea, baada ya hapo, kilitokea nini. Hayo mazoezi ya nyumbani ndiyo tiba yenyewe. Anayekuambia ukae tu umsikilize mtaalamu akiongea, muogope.

Shika hili moja: hofu ishuke kwanza, ndipo ushuke wewe. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, halafu linaanza kulegea lenyewe. Ukishuka likiwa kileleni, unarudi nyumbani na somo la uongo, na kesho litakuja na nguvu zaidi. Ukibaki, mwili unajionea wenyewe kwamba hukufa. Sisemi ukurupuke kesho uende Kyela, wala usikubali ndugu wakusukumize garini kwa nguvu. Anza ngazi ya chini, mliyoipanga na mtaalamu.

Muda: mara nyingi ni vikao 5 hadi 20, kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni unaweza kujisikia vibaya zaidi kwa sababu unakigusa kile ulichokuwa unakikimbia, na ndipo wengi wanapoacha. Dawa usiziache mwenyewe, aliyekuandikia ndiye azipunguze. Na yakija mawazo ya kujidhuru, usingoje tarehe ya kikao, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Umesema pia dada yako anakusindikiza kila unapotoka. Hilo mwambie mtaalamu siku ya kwanza, pamoja na siti unayochagua, unachobeba kwenye mkoba, na njia unazozunguka ili usipite stendi. Usifiche hata kimoja ukidhani ni kidogo, maana ngazi yako itapangwa kutokana na hivyo.