Kusoma uuguzi kwa masafa: ulizia leseni kabla ya kulipa ada

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu hapa Wawi alinijia na simu mkononi. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, hata baibui sijavua. Akanionyesha tangazo: shahada ya uuguzi, miaka miwili, masomo yote kwa simu, ada kwa awamu. Amemaliza skuli mwaka jana na hajawahi kuingia wodini ila kumtazama mgonjwa. Baba yake ameshakubali kutoa fedha za karafuu za msimu huu zilipie awamu ya kwanza.

"Shangazi, nijiunge?"

Nilimkalisha barazani, nikamtolea cheti kilichokaa kabatini kwangu zaidi ya miaka kumi. Kina muhuri wa rangi ya dhahabu na jina langu limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Hakijawahi kunipandisha hata ngazi moja.

Mimi nilianza na astashahada ya uuguzi, yaani ngazi ya cheti, nikasajiliwa, nikapata leseni, nikapangiwa kituo cha afya hapa Pemba. Baada ya miaka mitano nikataka kujiendeleza. Watoto walikuwa wawili, mdogo bado ananyonya, na kuhamia Unguja kwa masomo ilikuwa ni kuvunja nyumba. Ndipo nilipoona chuo cha nje, jina lake silitaji, kinachofundisha kwa intaneti. Nilisoma usiku watoto wakilala, umeme ukikatika nasomea taa ya simu. Mitihani nilifanya, nikafaulu vizuri. Kwa miaka miwili nililipa shilingi 3,200,000, nyingine za mkopo wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Nilipokipeleka cheti kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga, wanaosajili na kutoa leseni, bibi aliyenipokea alikuwa na upole ambao sijausahau. Aliniuliza mambo matatu tu. Chuo hiki kwao kimesajiliwa na nani? Wahitimu wake, baraza la uuguzi la nchi hiyo linawapa leseni? Na mazoezi ya wodini uliyafanya wapi, saa ngapi, nani alikuwa akikusimamia na kutia saini? La kwanza nilibabaika. La pili sikuwahi kulifikiria. La tatu nikasema nafanya kazi kituoni kila siku. Akanijibu, "Kazi yako naijua, dada. Nakuuliza mafunzo." Nilirudi na boti ya usiku nikiwa muuguzi wa cheti kama nilivyokwenda.

Yale maswali matatu ndiyo ninayotaka kila mtu ayajue kabla hajatoa hata shilingi.

Watu wengi hudhani serikali ni mlango mmoja, kwamba cheti kikitambuliwa basi kimetambuliwa. Kwa muuguzi wa Zanzibar milango ni mitatu, na kila mmoja una bawabu wake. Wa kwanza ni wa elimu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwa hiyo shahada ya chuo cha nje huhakikiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, nazo astashahada na stashahada (diploma) ziko chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, tuliyoizoea kwa jina la NACTE. Wao hutazama kama chuo ni chuo kweli na kama tuzo yake inalingana na ya hapa. Mlango wa pili ni wa taaluma. Afya si jambo la Muungano, na ndiyo maana Zanzibar ina Baraza lake la Wauguzi na Wakunga, na Bara wana lao. Aliyesajiliwa Dar es Salaam akija kufanya kazi Chake Chake anapaswa kupita kwa Baraza la hapa. Mlango wa tatu ni mwajiri, naye ana muundo wake wa utumishi na nafasi zake za bajeti.

Unaweza kufunguliwa wa kwanza ukafungiwa wa pili. Hapo ndipo wanaosoma kwa masafa wanapokwama, na wauza vyuo hawapasemi. Tangazo litakwambia "kinatambuliwa kimataifa". Muulize: kinatambuliwa na nani, kwa kazi gani? Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa kufundisha uongozi wa biashara, kisiwe na idhini ya kutoa hata muuguzi mmoja.

Baraza wanakazania wodi kwa sababu ambayo aliyefanya kazi hii anaijua mikononi mwake. Mama amejifungua, kondo limetoka, kila mtu anamshangilia mtoto. Wewe umeweka kiganja juu ya tumbo lake. Tumbo la uzazi lililokaza huligusa ukahisi duara gumu chini ya kitovu. Lililolegea huwa kama unga uliozidi maji, na damu inaweza kuwa inajikusanya ndani kabla hujaiona kwenye kitambaa. Nilisoma habari hiyo kwenye skrini mara kumi na nikaijibu sawasawa kwenye mtihani. Niliijua siku mkunga mzee aliposhika mkono wangu, akaubonyeza pale juu ya tumbo la mgonjwa, akasema, "Hapa. Sugua mpaka likaze." Dakika zile ndizo tofauti ya mama kurudi nyumbani na kutorudi. Sindano ya mshipa kwa mtoto aliyekauka maji kwa kuharisha ni hivyo hivyo, haifundishiki kwa video.

Na si sisi tu wenye ugumu huo. Uingereza wana Open University, chuo cha masafa kinachojulikana dunia nzima, na uuguzi wanafundisha. Lakini mwanafunzi wake hana njia ya mkato: Baraza la Uuguzi na Ukunga la kule linataka saa 2,300 za nadharia na saa 2,300 za mazoezi, na mazoezi yenyewe kwa sehemu kubwa ni kwa wagonjwa, chini ya wasimamizi. Anachosoma nyumbani ni nadharia. Marekani kulikuwa na kisa cha chuo cha Excelsior, New York, kilichokuwa kikiwapa diploma ya uuguzi watu ambao tayari wamefanya kazi za afya, bila ya mazoezi ya kusimamiwa ndani ya programu, na mwisho wakipimwa kwa mtihani wa vitendo hospitalini. Majimbo mengi yaliwapokea. California ikakataa kuwapa leseni walioanza baada ya tarehe 6 Disemba 2003. Cheti kile kile, nchi ile ile, jimbo hili ni muuguzi na jimbo lile si muuguzi. Kama hayo yamewafika wao kwa wao, sisi wa kisiwani tuulize mara mbili.

Wapo waliofanya vizuri, na jirani zetu Kenya ni mfano ninaoupenda. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref kwa kushirikiana na Baraza la Uuguzi la Kenya walianza kuwapandisha wauguzi wa cheti kufikia diploma kwa kujifunza kwa kompyuta. Angalia lilivyopangwa: waliolengwa tayari ni wauguzi, Baraza lenyewe limo tangu siku ya kwanza, mazoezi ni hospitalini, na mwisho ni mtihani wa Baraza. Mhitimu hakuwa na haja ya kwenda kuomba atambuliwe.

Mara yangu ya pili nilifuata mtindo huo. Nilipata programu ya walio kazini, moduli za kusoma nyumbani, wiki za ana kwa ana, mazoezi katika hospitali ya wilaya na daftari ambalo kila kazi inatiwa saini na msimamizi. Kabla ya kujaza fomu nililiandikia Baraza, nikasubiri jibu la maandishi. Nilimaliza, nikasajiliwa kwa ngazi mpya, alhamdulillahi.

Bado nilijikwaa mlango wa tatu. Nilikuwa nimemwambia mkuu wangu wa kazi kwa mdomo kwamba nasoma, akaniombea dua. Kwenye jalada langu hakukuwa na barua ya ruhusa. Nilipoomba kubadilishiwa muundo wa utumishi nipandishwe ngazi, afisa utumishi akafungua jalada, akaniuliza nimesoma lini na kwa idhini ya nani. Zilipita bajeti mbili kabla mshahara haujabadilika. Kwa hiyo ukiwa mtumishi wa umma, hata kama hutatoka kituoni siku moja, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi, upate nakala yenye muhuri wa masjala na uitunze pamoja na hati ya nyumba. Na usitegemee mshahara upande kwa kuwa umemaliza. Hupanda nafasi ikiwepo kwenye muundo na fedha ikiwepo kwenye bajeti.

Sasa kazi zenyewe. Nitasema ninavyoziona kutoka nilipo. Uhitaji upo, na unaonekana kwa macho: Serikali imejenga hospitali kumi za wilaya Unguja na Pemba na hospitali ya mkoa ya Lumumba, na hospitali bila wauguzi ni kuta. Hata hivyo wapo vijana wenye stashahada safi wanaojitolea mwaka, miaka miwili, wakisubiri tangazo. Nafasi za Serikali zinatangazwa na kuombwa kupitia mfumo wa Zan Ajira, na kwa kada zetu za afya ujue utaulizwa usajili wa Baraza. Anayesubiri tangazo litoke ndiyo aanze kuhangaikia leseni, amechelewa. Hospitali binafsi za mjini nazo huulizia leseni mapema, wakati mwingine kabla ya cheti.

Kwa aliye tayari kazini hesabu ni nyingine. Wewe hutafuti ajira, unatafuta kupanda, na hapo masafa ni neema. Mtoto wako anakuona kila siku, wagonjwa wako hawakukosi, unachokisoma usiku unakitumia asubuhi. Mimi nilibadilisha jinsi ya kuandika partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, kituoni kwetu kabla hata sijafanya mtihani wa moduli ile.

Anayewaza Omani, Saudia au Ghuba kwa jumla, na kwetu nani asiyewaza, ajue kwamba kule vyeti hufuatwa mpaka chuoni vilikotoka, na unaweza kuulizwa ulisoma kwa njia gani: kuhudhuria au masafa. Usifiche. Ukibainika umeficha, jina lako linachafuka kwenye mfumo wao. Omba chuo barua inayoeleza namna ulivyosoma na saa zako za mazoezi, na uiombe ungali mwanafunzi, maana ukishaondoka simu hazipokelewi. Uingereza nayo hufuata orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo, kwa hiyo mawakala hawaruhusiwi kuja kuwaajiri watu huku. Mwenyewe unaweza kuomba moja kwa moja. Wakala anayekuja Chake kukusanya fedha za "nafasi za London", mkimbie.

Kwa shahada, mwenye stashahada akitaka chuo kikuu cha hapa nchini aanze na namba ya uhakiki ya NACTVET, ile AVN, kwani bila yake maombi hayaendi. Wengine hunitajia vyuo vya India. IGNOU, chuo huria cha Serikali ya India kilichoanzishwa 1985, kina shahada ya uuguzi, lakini ni ya waliokwisha kuwa wauguzi waliosajiliwa, si ya mtoto wa skuli. Nalo hilo linakuonyesha kwamba chuo cha masafa kinachojiheshimu hakichukui mtu asiyejua kushika mgonjwa. Kinachochukua kila mwenye ada, kitilie shaka.

Nilimwambia yule binti hivyo hivyo: kwako wewe, hapana. Aende chuo cha kukaa darasani na kuingia wodini, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, pale Mbweni au kwengine kulikosajiliwa, hata ikibidi asubiri mwaka arudie somo moja. Masafa yatamngoja. Alilia kidogo, maana pale alijiona keshakuwa muuguzi. Baba yake alikuja jioni kuniuliza, nikamweleza na yeye, na fedha za karafuu zimebaki.

Wewe uliye kazini na umeshaona chuo, usimtegemee mtu wa chuo akuhakikishie, wala mimi. Andika barua kwa Mrajis wa Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar, ukurasa mmoja unatosha. Taja jina lako, namba yako ya usajili, kituo chako, na chuo na programu uliyoiona. Halafu uandike: "Naomba kujulishwa kwa maandishi iwapo mhitimu wa programu hii, kwa njia hii ya masomo, atasajiliwa na Baraza, kwa ngazi gani, na ni saa ngapi za mazoezi ya vitendo, wapi na chini ya nani, zitakazokubaliwa." Ambatisha mtaala na kijitabu cha programu, kisha tia saini. Ipeleke kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mpaka jibu litakapokuja, ada ikae benki.