Punguza kilo kabla ya kugusa injini

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa vijana wanaotaka kugeuza pikipiki ya kawaida iwe ya uwanjani. Nimefurahi sana. Kila anayepeleka mbio zake kwenye uwanja wa Whistling Morans kule Athi River ni mtu mmoja aliyepungua kwenye mbio za barabarani za Southern Bypass usiku.

Fundi, nina Boxer 150 iliyopiga boda miaka minne. Nataka kuipunguza uzito. Nianzie wapi? (Msomaji, Umoja)

Anza na vitu ilivyobebeshwa kwa sababu ya abiria. Mwavuli na vyuma vyake, gadi za mbele, keria, stendi zote mbili, vikanyagio vya abiria, na kile chuma cha ubavuni kinachozuia nguo isinaswe na gurudumu (Wahindi walikiweka kwa ajili ya sari). Halafu ng'oa vioo, indiketa, honi na taa. Tia kila kitu kwenye gunia, upeleke kwa mnunuzi wa skrapu mtaani kwenu, umwombe akupimie. Andika kilo hizo. Nimewaona watu wakitumia pesa nyingi kununua boliti nyepesi na keria bado iko nyuma.

Sasa piga hesabu nami. Injini yako ina nguvu ya farasi 12 hivi. Tuseme wewe na pikipiki mna kilo 195. Kila farasi anavuta kilo 16 na robo. Ukitoa kilo 15, kila farasi anabaki na kilo 15 tu. Kuupata wepesi huo bila kupunguza kitu, ungehitaji injini ya farasi 13. Yaani umeongeza farasi mzima kwa spana peke yake! Na farasi wa injini hukusaidia ukiwa unaongeza mwendo tu, lakini kilo zilizotoka zinakusaidia ukishika breki na ukiingia kona pia.

Kitu kimoja usikihurumie ni kikanyagio chako mwenyewe. Kwenye boda nyingi ni chuma kimoja kilichopita chini ya injini. Ukilala kwenye kona kinakwaruza lami, na kwa kuwa hakikunjiki, kinaweza kuinua gurudumu la nyuma ukajikuta chini kabla hujaelewa kilichotokea. Tengenezesha vipya, vya juu zaidi, vilivyorudi nyuma kidogo na vinavyokunjika. Vikiongeza gramu mia kadhaa, ziongezeke.

Kuna fundi wa Kariobangi anataka kunitobolea diski ya breki na kukata fremu upande wa nyuma. Nikubali? (Msomaji, Kayole)

Diski, hapana. Chuma cha diski ndicho kinachomeza joto la breki, na ukikipunguza joto lilelile linabaki kwenye chuma kidogo. Tundu lililotobolewa kwa drili ya mkono ndipo ufa unapoanzia. Diski zinazotoka kiwandani na matundu zilichorwa hivyo tangu mwanzo.

Fremu inategemea. Vishikio vya keria na vya taa, na ule mkia uliopita nyuma ya boliti za shokapu, unaweza kukata ikiwa kiti chako kipya hakiukalii. Mbele ya hapo msumeno usifike. Mimi kuchomelea nimejifunzia Kariobangi na mafundi wa huko nawaheshimu, lakini mwambie akuonyeshe kwanza kila bomba analotaka kukata linabeba nini.

Pikipiki yangu nilinunua Mombasa. Hapa Nairobi inatoa moshi mweusi na imelegea. Rafiki anasema nitoe kichujio cha hewa na niweke eksozi wazi. (Dada wa South B)

Dada, rafiki yako amekisia ugonjwa lakini dawa siyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa karibu moja ya sita. Kabureta iliyopangwa huko inamwaga petroli ya Mombasa kwenye hewa ya Nairobi. Punguza jeti kuu (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kwa saizi moja, ukimbize, uzime injini, uchomoe plagi. Nyeusi yenye masizi, punguza tena. Rangi ya chai ya maziwa, acha hapo. Nyeupe, rudi saizi moja haraka, kwa maana petroli imekuwa kidogo na pistoni inaweza kuungua.

Kichujio kibaki, vumbi la Athi River litakula silinda. Eksozi nyepesi ni nzuri kwa sababu ya uzito wake. Bomba tupu litakupa kelele, na injini ndogo hupoteza nguvu ya mzunguko wa chini ile unayoihitaji ukitoka kwenye kona.

Nataka pikipiki ichomoke haraka zaidi. Nipunguze meno ya sproketi (gurudumu la mnyororo) ya mbele au niongeze ya nyuma? (Msomaji, Rongai)

Anza na ya mbele, ni rahisi kubadilisha. Kutoka meno 14 hadi 13 ni karibu sawa na kutoka 42 hadi 45 nyuma.

Nimebakiwa na pesa ya kitu kimoja: pistoni kubwa au matairi? (Msomaji, Kasarani)

Matairi, ndugu yangu. Raba ya tairi la boda ni ngumu ili ibebe magunia na idumu, na kwenye kona haishiki. Ukibakisha chochote, fungua breki ya dramu, safisha viatu vyake (breki shu), weka kebo mpya.

Baada ya kutoa taa, naweza kuiendesha hadi uwanjani? (Msomaji, Pipeline)

Hapana. Bila taa, vioo na namba, haina ruhusa barabarani, na dereva wa lori pale Mlolongo hatakuona. Changeni na wenzako mkodi pikapu. Kabla ya kuipakia, funga boliti ya kumwaga oili kwa waya ili isilegee, maana oili yako ikimwagika kwenye lami, anayekufuata ndiye atakayeanguka.