Mkataba wa matengenezo kinga kwa jengo la ofisi Dodoma: anza na daftari la mitambo, zabuni baadaye

Mkuu mleta mada, nimekusoma vizuri. Jengo la ghorofa sita pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, kipindi cha matazamio cha mkandarasi, yaani muda anaowajibika kurekebisha kasoro baada ya kukabidhi, kinaisha karibuni, bosi anataka mkataba wa matengenezo kinga, yaani kuhudumia AC, lifti, pampu na jenereta kwa ratiba kabla hazijaharibika, na wewe umetoka utawala, huna fundi chini yako. Umeuliza kama utafute kampuni moja ya kila kitu au kila mtambo na kampuni yake, na kama haitoshi kuita fundi kitu kikiharibika. Nimesimamia mikataba ya aina hii tangu wizara zilipoanza kuhamia huku baada ya tamko la 2016, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kampuni iliyokuwa ikipewa kazi hizo. Kwa hiyo nazijua pande zote mbili za meza.

Kwanza kabisa, usikimbilie zabuni kabla hujamalizana na mkandarasi wa ujenzi. Watu wengi wanadhani kipindi cha matazamio maana yake mkandarasi ndiye anayesafisha filta na kubadili oili. Hapana. Yeye anarekebisha kasoro za kazi yake. Usafi na sevisi ni mzigo wa mwenye jengo tangu siku alipokabidhiwa funguo. Nimeona ofisi ikipeleka madai ya kompresa zilizokufa ndani ya mwaka wa kwanza, mkandarasi akafungua mashine mbele ya kamati, filta zimeziba vumbi hadi hazipitishi hewa, madai yakafia hapo hapo. Ikiwa jengo lenu halijaguswa tangu mkabidhiwe, tafuta mafundi wa muda hata kesho wafanye usafi wa kawaida na waandike walichokuta. Halafu mwite mkandarasi na mshauri wake mpite pamoja chumba kwa chumba, kila kasoro iandikwe na kusainiwa kabla tarehe haijapita.

Siku hiyo hiyo dai nyaraka: michoro ya jengo kama lilivyojengwa, vitabu vya kila mtambo, vyeti vya majaribio ya mwanzo, na nywila za kompyuta za mitambo. Hizo nywila usizichukulie kirahisi. Lifti za siku hizi na AC za mfumo wa pamoja, zile ambazo mashine chache za juu ya paa zinahudumia vyumba vingi, zina bodi inayoweka kumbukumbu ya hitilafu. Asiye na nywila au kifaa cha kusomea hizo kumbukumbu anabahatisha tu. Usipoipata sasa, utailipia baadaye kwa aliyeishikilia.

Baada ya hapo tengeneza daftari la mitambo. Hii ndiyo kazi yenyewe, na mkataba wote unasimama juu yake. Kila mashine ipewe namba, ibandikwe kibao, na kwenye daftari kuwe na mahali ilipo, aina, namba ya kiwandani, ukubwa, aina ya gesi, ampea zilizoandikwa na kiwanda na tarehe ilipofungwa. Niliwahi kukuta mkataba uliosema tu "kuhudumia viyoyozi vyote vya jengo". Kampuni ilidai inahudumia idadi moja, stoo ina idadi nyingine, na tulipohesabu kwa macho tukapata ya tatu. Ofisi ilikuwa imelipia mashine ambazo hazipo, na zilizokuwa kwenye vyumba vya viongozi, ambavyo hufungwa muda mwingi, hazikuwahi kuguswa.

Sasa Dodoma yenyewe. Ratiba nyingi ninazoletewa zimenakiliwa kutoka Dar es Salaam: sevisi kila miezi mitatu, basi. Dar shida kubwa ni unyevu na chumvi ya bahari inayokula mapezi ya mashine za nje. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukame na upepo. Mtumba bado kuna viwanja wazi na ujenzi unaendelea, vumbi ni jekundu na laini, linaingia kila mahali. Mashine ya nje iliyo usawa wa ardhi karibu na maegesho huziba upesi kuliko iliyo juu ya paa, ingawa mkataba unazihesabu sawa. Mimi huandika hivi: filta za ndani zisafishwe kila mwezi kuanzia Juni hadi Novemba, kila miezi miwili wakati wa mvua, mashine za nje zioshwe kwa maji ya presha ndogo na dawa isiyokula alumini mara mbili kwa mwaka, mojawapo lazima Septemba, kabla joto la Oktoba na Novemba halijaanza. Ukiosha Juni peke yake, upepo wa Julai na Agosti unaziba tena na joto linakukuta hujajiandaa. Mifereji ya maji ya AC na ya paa ikaguliwe Novemba, maana mvua ya kwanza huku haibishi hodi.

Maji nayo. Ya visima huku yana chumvi nyingi, yanaacha magamba kwenye valvu, maboya ya matangi na hita. Kinachoua pampu zaidi, kwa nilivyoona, ni kuzunguka kavu. Siku ya mgao wa maji tangi la chini linaisha, boya limeganda kwa magamba, pampu inaendelea kuzunguka bila maji na sili inaungua. Kwa hiyo kwenye orodha ya kazi weka jaribio la kinga ya maji kuisha: fundi ainue na kushusha boya kwa mkono, pampu izime na kuwaka mbele ya mtu wenu. Ni dakika tano tu, na sijawahi kuona kampuni ikilifanya bila kuandikiwa.

Jenereta ndiyo inayodanganya kuliko zote. Karibu kila mkataba unasema iwashwe kila wiki, na inawashwa kweli, dakika kumi bila mzigo, inazimwa, fomu inasainiwa. Injini ya dizeli ikizoea kukimbia bila mzigo haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi na oili vinajikusanya kwenye bomba la moshi. Andika kwamba angalau mara moja kwa mwezi ibebe mzigo halisi wa jengo kwa nusu saa, usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake, na swichi ya kubadilisha umeme ijaribiwe kwa kukata umeme wa TANESCO kabisa. Mjulishe bosi mapema, watu wa kompyuta nao wajiandae. Oili ibadilishwe kwa saa za kukimbia au kwa muda, chochote kitakachotangulia kwa mujibu wa kitabu cha mtengenezaji. Jenereta ya akiba inaweza kukaa miaka bila kufikisha saa 250 na oili ikawa imechoka. Betri na chaja zipimwe kila mwezi, maana mara nyingi jenereta inayogoma siku ya shida haina ubovu mwingine zaidi ya betri. Na kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Muulize mshauri kama uwezo uliopangwa ulizingatia hilo kabla hujaongeza mzigo wowote.

Kuhusu kampuni moja au nyingi: lifti zitenge. Mpe mwenye uwezo uliothibitika wa kusoma bodi ya lifti hiyo hiyo na kupata vipuri vyake halisi, aje kila mwezi, na ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, ubaki kitu tofauti, usifanywe na anayehudumia. Pampu za zimamoto pia zitamkwe peke yake na ripoti zake ziwe tayari Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakija. AC, pampu za maji na jenereta zinaweza kukaa pamoja kwa kampuni moja ya mitambo iliyosajiliwa CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, yenye mafundi wanaoishi Dodoma. Fundi anayetoka Dar kwa basi kila mkiita hawezi kutimiza muda wa kuitikia wa saa mbili. TEMESA nao ni wakala wa serikali na wanafanya kazi za umeme, mitambo na viyoyozi. Waandikie kwanza mjue wanaweza kuchukua nini.

Bei ndiko watu wanakoumia. Usinunue "ziara". Ukilipia ziara nne kwa mwaka, utapata ziara nne: gari litakuja, vijana watapuliza maji kwenye mashine za mbele zinazoonekana, jioni wameondoka. Gawa mchanganuo sehemu tatu. Ya kwanza, sevisi zilizopangwa, bei kwa kila mashine kwa kila kazi. Ya pili, gharama ya kuitwa kwa dharura na saa ya fundi. Ya tatu, vipuri, fungu maalumu lisiloguswa bila idhini yenu ya maandishi, na kipuri kilichotolewa kibaki stoo kwenu. Gesi isiwe sehemu ya sevisi. AC iliyofungwa vizuri haili gesi. Ikipungua kuna uvujaji, na kujaza bila kutafuta tundu kusilipwe. Jengo jipya huenda lina gesi ya R410A au R32, ambazo zinahitaji pampu ya kufyonza hewa na mizani, na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo mafundi waonyeshe vifaa hivyo siku ya ukaguzi wa wazabuni. Mkiwa na majengo ya zamani yenye AC za gesi ya R22, kumbukeni gesi hiyo inaondolewa sokoni kwa hatua hadi 2030 chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni. Msiingie gharama kubwa kuzifufua.

Bei ya chini sana ipime kwa saa. Kuosha AC moja ya ukutani sawasawa, ndani na nje, kunachukua mafundi wawili kama saa moja na nusu. Jozi moja inamaliza tano kwa siku. Mkiwa na 120, ni siku 24 za kazi kwa jozi moja, siku 12 kwa jozi mbili. Mzabuni aliyeandika atamaliza jengo zima kwa siku tatu amekwambia wazi kwamba hataziosha, na kamati ya tathmini ina haki ya kumtaka aeleze.

Usimamizi hauhitaji uhandisi. Kila mashine iwe na kadi yenye vipimo: nyuzi joto za hewa inayoingia na inayotoka, ampea za kompresa, mega za mota za pampu, yaani kipimo cha kama nyaya za ndani hazivujishi umeme. AC ikiwa sawa, tofauti ya hewa huwa kati ya nyuzi 8 na 12 hivi. Nunua kipima joto, chagua mashine moja katika kila kumi bila kuwaambia, fungua filta mwenyewe, pima, linganisha na kadi. Zikitofautiana, ankara irudi. Wakishajua unafungua, kazi inabadilika mwezi huo huo.

Haya yote lazima yawe kwenye bajeti na mpango wa ununuzi wa mwaka ndani ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukisubiri Bunge la Bajeti la Aprili umechelewa. Makadirio yenu yafike kwa watu wa mipango mwishoni mwa mwaka wa kalenda unaotangulia Bunge hilo. Omba mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja kama afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, ataridhia, kwa sababu mwaka wa kwanza kampuni inajifunza jengo tu.

Na walipeni. Kampuni ndogo za hapa zinakopa kununua dawa na mafuta ya gari. Ankara ikikaa miezi sita mezani, fundi mzuri anahamishiwa kwa mteja anayelipa na nyinyi mnaletewa mwanagenzi. Weka kwenye mkataba kwamba ankara yenye kadi zote zilizosainiwa inahakikiwa ndani ya siku saba, umtaje kwa cheo anayehakiki na anayekaimu akiwa safarini.