Fundi Anajibu: Boti ya Alumini ya Kuvulia Samaki na Kuwindia Bata

SWALI: Fundi, salamu kutoka Brooklyn Park, Minnesota. Nimenunua boti ya alumini iliyotumika, ya futi 14, yenye chini bapa na viti vitatu vya kukatiza kutoka ubavu hadi ubavu. Bamba dogo lililo kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, linasema watu 3, jumla ya mzigo ratili 650, na injini isiyozidi nguvu farasi 15. Kiangazi nataka kuvulia samaki, na mwezi wa Oktoba jirani yangu amenialika kuwinda bata. Nimeona wenzangu wanang'oa kiti cha kati, wanatandika sitaha ya plaiwudi kuanzia omo, yaani mbele ya boti, mpaka katikati, wanaifunika zulia, wanafunga mota ya umeme mbele, kisha wanazungushia maficho ya manyasi. Nianzie wapi, na ni kipi nisikiguse?

JIBU: Ndugu msomaji, anzia kwenye hilo bamba dogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawataka watengenezaji kulibandika kwenye boti ya injini isiyofika futi 20, na kiwango kilichoandikwa kinahusu boti kama ilivyotoka kiwandani, ikiwa na viti vyake vyote. Zile ratili 650 ni za watu, injini na vifaa kwa pamoja, na kila ubao utakaoupigilia unakatwa humo humo.

Sasa tupige hesabu. Watu wazima wawili waliovaa nguo za baridi na mabuti marefu hawatapungua ratili 400. Injini ya nguvu farasi 9.9 hukaribia ratili 90, tangi la galoni 6 likijaa ni kama 45, betri kubwa ya mota ya umeme 55, na mota yenyewe 30. Hapo umefika 620, na bado hujapakia bata bandia wa kuvutia bata wa kweli, bunduki, nanga wala chupa ya chai. Karatasi moja ya plaiwudi ya nusu inchi, ya futi 4 kwa 8, ina ratili 45 hivi ikiwa kavu, na sitaha unayoieleza itakula mbili, bila kuhesabu fremu ya kuibeba. Boti hiyo itakuwa imepita kiwango chake ingali juu ya trela. Wapo wanaodhani kwamba bamba la alumini litawaponya, lakini bamba la unene wa robo ya nusu inchi, yaani moja ya nane, la ukubwa huo huo lina ratili 56, kwa hiyo ni zito kuliko plaiwudi. Faida yake ni kwamba halinywi maji na haliozi.

Kwa sababu hiyo nakushauri kwamba vifaa vingi uvifanye vya kufunga na kufungua. Badilisha tangi upate la galoni 3, ambalo likijaa ni ratili 22 hivi. Kiangazi, boti ibebe mota ya umeme, betri na ndoana zako, na maficho yabaki gereji. Oktoba, mota na betri yake kubwa zishuke, na nafasi ya ratili 85 zilizoachwa ichukuliwe na maficho, bata bandia na bunduki. Ukijumlisha pamoja na nanga, makasia na vitu vidogo vidogo, utaona kwamba kila msimu unakuachia ratili thelathini au arobaini tu, na hizo ndizo zitakazokuambia ukubwa wa sitaha: nusu ya karatasi ya plaiwudi, basi.

Kiti cha kati ndicho nisingekigusa kabisa. Kinafanya kazi ya taruma, kwa maana ndicho kinachozuia mbavu za boti zisifunguke na kufunga kila inapopigwa na wimbi, na ndani yake kuna povu gumu la kuelea. Boti za injini ya nje zisizofika futi 20, isipokuwa zile za injini ndogo sana, zinatakiwa zielee zikiwa sawa hata zikijaa maji, ili waliomo wapate pa kushika. Povu limegawanywa mbele, katikati na nyuma kwa makusudi. Ukilitoa sehemu moja, boti iliyojaa maji itainuka upande mmoja au itapinduka. Futi moja ya ujazo ya povu hubeba takriban ratili 60 majini. Aliyekwisha kung'oa kiti, na najua wapo mtakaosoma jibu hili mkiwa mmeshakitupa, arudishe ujazo ule ule wa povu kando ya mbavu na chini ya sitaha, na afunge vipande vya alumini vya umbo la L vya kukaza ubavu na ubavu. Zile karatasi za povu la polistireni zinazouzwa kwa ajili ya kuta za nyumba zinafaa, ila petroli inaziyeyusha, kwa hiyo zikae mbali na tangi na zilindwe vizuri.

Sitaha yenyewe iweke kati ya kiti cha omo na kiti cha kati, usawa wa viti au chini kidogo. Mvuvi anayesimama juu ya jukwaa amepandisha kitovu cha uzito wa boti, na boti nyembamba ya futi 14 haina subira na mtu wa namna hiyo. Fremu ishikwe na viti na kingo za juu. Usitoboe tundu lolote chini ya mstari wa maji. Weka mlango wenye bawaba, si kwa ajili ya kuhifadhi vitu peke yake, bali ili mkono na tochi vifike ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanakokusanyika.

Kuhusu mbao, nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo boti nyingi zinapoharibiwa na wenye nia njema. Usitumie kamwe mbao au plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Mwishoni mwa 2003 Marekani iliachana na dawa ya arseniki kwa mbao za matumizi ya nyumbani, na nyingi ya dawa zilizoshika nafasi yake zina shaba kwa wingi. Shaba inapogusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, taratibu na kwa siri, chini ya sitaha ambako hakuna anayetazama. Hata sarafu ya senti moja iliyoanguka ngamani na kukaa kwenye maji inaweza kuchimba bati. Nunua plaiwudi ya kawaida ya nje, au ya boti ukiwa na uwezo, ipake epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, pande zote mbili na hasa kwenye kingo ulizokata, kisha uikalishe juu ya vipande vya mpira. Skrubu ziwe za chuma cha pua, na uzipake grisi ya baharini ili zisigusane moja kwa moja na alumini.

Zulia liache. Linashika maji, na Minnesota inakutaka unapotoka ziwani uondoe majani yote, umwage maji na usafiri kizibo cha tundu la kumwagia maji kikiwa kimetolewa, kwa sababu ya viumbe vamizi kama wale kome wadogo wenye milia wanaosambaa kutoka ziwa hadi ziwa. Rangi ya kuzuia utelezi, ambayo ina chembe za mchanga au mpira, inakauka upesi na inasafishika.

Umeme uwe wa waya mbili, wa kwenda na wa kurudi. Usifanye kama kwenye gari ambako bodi ndiyo njia ya kurudishia umeme. Mwili wa boti ya alumini ukipitisha umeme utaliwa haraka kuliko kwa shaba. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na betri ifungwe kwa mkanda na vichwa vyake vifunikwe, maana ufunguo wa chuma ukiviangukia utawasha moto kando ya petroli. Wakati wa uwindaji, betri ndogo itatosha kwa taa, nazo hazina mjadala: mtaondoka kungali giza, hivyo nyekundu iwake kushoto, kijani kulia, na nyeupe ionekane pande zote. Maficho ndiyo huziziba taa hizo, kwa hiyo ya nyuma iweke juu ya mti unaopita kimo cha manyasi.

Maficho yatengeneze kwa mabomba mepesi ya alumini yaliyopinda na kukunjika, yakiwa yamefunikwa wavu uliochomekwa matete makavu ya mahali mnapowinda. Yaweze kulala chini kwa msukumo mmoja wa mkono, na yasimzuie mtu kutoka boti ikipinduka. Jiko la gesi ndani yake ni hatari, kwa moto na kwa moshi usioonekana. Sheria ya shirikisho inakataza kumpiga ndege mhamaji kutoka boti ya injini mpaka injini izimwe na mwendo uliotokana nayo uishe, hivyo unahitaji makasia na nguzo mbili za kuchomeka kwenye tope, moja omo na nyingine tezi, ili boti isizunguke mnapolenga. Pigeni mkiwa mmekaa, na bunduki zisafiri zikiwa tupu ndani ya mifuko yake.

Jaketi la kujiokoa livaliwe, lisikaliwe. Maji ya Oktoba na Novemba huko kwenu hukata pumzi katika dakika ya kwanza, na mabuti marefu hayasaidii kuogelea. Tarehe 11 Novemba 1940, siku iliyoanza na joto la kuvutia, dhoruba ya ghafla iliua watu 49 Minnesota, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata, wengi wakiwa na nguo nyepesi kwenye visiwa na mabwawa ya mto Mississippi. Kamba ya kuzimia injini, ile inayoizima mwendeshaji akianguka, nayo ifunge mwilini. Tangu 1 Aprili 2021 sheria inamtaka nahodha aitumie boti inapokwenda kwa kasi.

SWALI: Mimi ni Mkongomani ninayeishi Cedar Rapids, Iowa. Boti yangu ya futi 16 ni ya zamani, ya ribiti, yaani bati zake zimeunganishwa kwa pini za kugongwa, na inavuja. Fundi mmoja aliniambia nipake lami ndani, mwingine akasema niweke ribiti za kufyatua. Nataka pia kuipaka rangi ya matete kabla ya msimu wa bata. Nifuate lipi?

JIBU: Hakuna kati ya hayo mawili, kaka. Lami haishiki kwenye bati linalonyumbuka, na ribiti za kawaida za kufyatua zina tundu katikati ambalo litaendelea kukuletea maji. Weka boti kwenye trela ikiwa imeegemezwa vizuri, mimina maji ndani inchi chache tu, kwani futi moja ya ujazo ya maji ni ratili 62 na trela itaelemewa, kisha tazama kwa nje na uweke alama ya chaki panapodondoka. Ribiti iliyolegea hukazwa na watu wawili: mmoja anashikilia chuma kizito kwenye kichwa cha nje, mwingine anagonga kwa nyundo ndani. Iliyokatika iondoe, uweke ribiti nzima isiyo na tundu au ile ya kufyatua iliyozibwa mwisho. Baada ya hapo safisha viungo kwa ndani na uvipake epoksi ya baharini.

Rangi itashika iwapo tu utaandaa bati. Osha mafuta, sugua kwa msasa mpaka mng'ao upotee, kisha paka siku hiyo hiyo rangi ya msingi inayouma alumini, kwa sababu utando wa oksidi hurudi mara tu bati linapokutana na hewa. Rangi ya juu iwe isiyong'aa. Ndege wanaona mwanga kabla ya kuona boti. Usinunue rangi ya kuzuia magugu ya chini ya boti iliyo na shaba, kwa sababu ile ile niliyomweleza ndugu wa Minnesota. Bamba la uzito na namba iliyochongwa nyuma ya boti usizifunike, na namba za usajili zirudishwe pande zote mbili za omo, zikiwa na urefu usiopungua inchi 3 na rangi inayoachana waziwazi na hiyo ya matete.