Kabla hujaisifu au kuilaani teknolojia, uliza swichi iko kwa nani

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, na pia wakala wa pesa za simu, hapa Busia upande wa Uganda. Kibandani kwangu watu hawaleti simu zilizokufa tu. Wanaleta na maswali: huu mtandao mpya ni mzuri? Serikali ikisema kila mtu atumie mfumo fulani, tukubali au tukatae? Nimeona kwamba "nzuri" na "mbaya" havimsaidii mtu kuamua lolote. Swali linalosaidia ni hili: siku kitu hiki kikizimwa, mkono uliozima ni wa nani, nami nitabaki na nini?

Chukua intaneti. Uganda haina bahari. Bando unalonunua Soroti au Mbale linategemea nyaya za faiba zilizolala chini ya Bahari ya Hindi, zinazotua Mombasa, zikapita nchi nzima ya Kenya na kuingia kwetu kupitia mipaka hii ya Busia na Malaba. Nyingine zinapitia Tanzania na kuingilia Mutukula. Kabla ya mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, nchi yetu ilikuwa ikitegemea setilaiti, na waliowahi kulipia intaneti kwa dakika kwenye kafe za Kampala wanajua uchungu wa bei ile. Mei 2024 nyaya mbili, SEACOM na EASSy, zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini na Msumbiji, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikakwama. Siku ile hakuna serikali iliyozima kitu. Wateja walikuja kwangu wakiamini simu zao zimeharibika, nikawarudisha nyumbani bila kuwatoza.

Hapo ndipo ninapowashauri vijana wanaotengeneza tovuti za shule na vyama vya akiba: tafuteni seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, iliyo Kampala. Tangu mwaka 2001 tuna kituo cha kubadilishana data cha Uganda, UIXP, ambapo kampuni za mtandao hukutana ili data ya Mganda kwenda kwa Mganda isilazimike kuvuka bahari. Tovuti ya shule ya Tororo ikikaa kwenye seva ya Ulaya, mzazi wa Tororo anayetaka kuona matokeo ya mtoto anapitishwa Mombasa na chini ya bahari, kisha anarudishwa njia hiyohiyo. Huo ni upotevu wa pesa, na siku waya ukikatika mzazi haoni kitu, ingawa shule iko mtaa wa pili.

Sasa nije kwenye swichi inayoumiza zaidi, ile ya makusudi. Tarehe 18 Februari 2016, siku ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ilizibwa na pesa za simu zikazimwa pamoja nayo. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi, intaneti yote ilikatwa na haikurudi mpaka tarehe 18. Watu huyachanganya matukio haya mawili, na kuyachanganya kunawafanya wajiandae vibaya.

Mwaka 2016 kilichowekwa kilikuwa kichujio. Intaneti ilikuwapo, ila baadhi ya milango ilifungwa, kwa hiyo waliokuwa na VPN walipita. VPN ni programu iliyo kama njia ya panya: inakuzungusha kizuizi cha barabarani, na sisi watu wa mpakani tunazielewa njia hizo. Lakini mwaka 2021 barabara yenyewe iliondolewa. Ukiwa na VPN kumi bila intaneti, huna kitu. Kilichofanya kazi hapa Busia kilikuwa laini za Kenya, kwa sababu minara ya ng'ambo inatupia mawimbi mpaka upande wetu, na mitambo yake haiko chini ya amri ya Kampala. Mtu wa Lira au Mbarara hakuwa na bahati hiyo.

Pesa za simu nazo zina habari yake. Unapobonyeza nyota na tarakimu kutuma pesa kwa simu ya kitochi, hutumii intaneti. Ujumbe ule unapita kwenye mtandao wa kampuni ya simu wenyewe. Kwa hiyo intaneti inaweza kukatika na pesa zikaendelea kwenda, au intaneti ikawapo na pesa zikazimwa, kama ilivyotokea mwaka 2016. Ni swichi mbili tofauti, ingawa amri inaweza kutoka ofisi moja. Mama mmoja muuza dagaa, hawa tunaowaita mukene, huwa ananunua mzigo kwa wavuvi alfajiri na kulipa kwa simu. Nilipomweleza jambo hili alisema, "Mwanangu, basi nitaweka za mkononi za mzigo mmoja kila mara." Hilo ndilo ninalomwambia kila mfanyabiashara: pesa taslimu zinazotosha mzunguko mmoja wa biashara yako zikae mahali salama, si kwenye simu wala benki. Nunua na umeme wa Yaka, ule wa kulipia kabla ya kutumia, kabla ya wiki ya uchaguzi, kwa sababu wengi wetu tunaununua kwa simu. Namba za wateja na za ndugu ziandike kwenye daftari. Ukiweza, miliki laini za kampuni mbili, kwani mara nyingine kinachoanguka ni mtambo wa kampuni moja tu.

Na tafadhali, biashara yako isikae yote kwenye ukurasa mmoja wa mtandao wa kijamii. Facebook ilifungwa Uganda siku chache kabla ya uchaguzi wa 2021, baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti ilizosema zinahusiana na wizara ya habari na mawasiliano. Miaka ikapita bila kufunguliwa. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa wawili, lakini walioumia ni wauza viatu na mafundi cherehani ambao wateja wao wote walikuwa mle. Waliokuwa na namba za simu za wateja waliendelea siku ya pili. Waliobaki walianza upya.

Kuhusu VPN za bure, nina neno kali. Simu nyingi zinazoletwa kwangu zikilalamikiwa kuwa zinamaliza bando na betri, nikizifungua nakuta VPN mbili au tatu za bure zinakimbizana ndani. Kila unachofanya kinapita kwa mwenye VPN. Akikupa bure, jiulize analipwa na nani. Umekwepa swichi ya serikali ukamkabidhi swichi mtu usiyemjua hata nchi anayokaa. Kama unaihitaji, lipia moja yenye jina, na uizime unapofungua akaunti yako ya benki kwenye simu.

Mazoea ya VPN za bure yalitoka wapi? Yalitokana na kodi. Tarehe 1 Julai 2018 tulianza kulipa shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp na wenzake, na wakati huohuo pesa za simu zikatozwa asilimia 1 kwa kuweka, kutuma na kutoa. Nilikuwa kwenye dirisha la kibanda. Niliwaona watu wakirudi kubeba noti kwenye soksi. Mwenye akaunti benki hakutozwa kwa kutoa fedha zake, ila mama wa dagaa alitozwa. Makelele yakawa makubwa, ndani ya mwaka uleule kodi ya pesa za simu ikashushwa hadi asilimia 0.5 kwa kutoa tu. Ile ya shilingi 200 ilikwepwa kwa VPN mpaka Mamlaka ya Mapato yenyewe ikakiri haikupata ilichotarajia, na Julai 2021 ikabadilishwa kuwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Huu haukwepeki, kwa sababu umekwisha kukatwa unaponunua. Mimi sipingi kodi; barabara na hospitali hazijengwi kwa maneno. Ninachopinga ni kutoza mlango wa kuingilia kazini. Mwanafunzi na bodaboda wanalipa kabla hawajapata chochote.

Kitambulisho cha taifa nacho ni swichi, tena kubwa kuliko zote. Bila NIN, yaani namba ya kitambulisho hicho, huna laini, bila laini huna pesa za simu. Ajabu ni kwamba watu wanaacha nakala za vitambulisho vyao kila mahali: kwa wapiga fotokopi, kwa wakopeshaji, kwenye makundi ya WhatsApp. Usajili wa laini kwa jina lako bila wewe kujua huanzia hapo. Nenda kituo cha huduma cha kampuni yako ya simu, uliza ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIN yako, na usiyoitambua ifungwe ukiwa umesimama hapo. Ukitoa nakala, andika juu yake imetolewa kwa kazi gani na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakupa haki ya kumuuliza yeyote anayeshika taarifa zako ana nini na anafanyia nini. Itumieni. Swali hilo linazihusu pia kamera za Kampala na faini za barabarani zinazotolewa na mashine. Juni 2025 madereva walilalamika, na wizara ya ujenzi na uchukuzi ikausimamisha mfumo wa faini kwa muda. Kilio chenye hoja husikika.

Katika sayansi, nilifurahi kama kila Mganda Novemba 2022, setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, ilipoondoka na roketi kutoka Virginia. Wahandisi watatu wa kwetu waliijenga Japani. Lakini kinachonigusa zaidi ni AirQo ya Makerere, vile vifaa vya kupima uchafu wa hewa ambavyo vingine hufungwa kwenye bodaboda. Vimebuniwa kwa vumbi letu, joto letu na umeme wetu unaokatika, na kikiharibika fundi wake yuko hapa. Ningekuwa na sauti kwenye bajeti ya sayansi, ningeanzia kwenye vitu vya namna hiyo.

Na sauti ipo, ila ina msimu. Kila mwaka bajeti na miswada ya kodi huwa imefika Bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, na Bunge hutakiwa kumaliza kufikia tarehe 31 Mei. Hotuba ya Juni tunayoisikiliza redioni inasomwa mambo yakiwa yamekwisha, na Julai 1 makato yanaanza. Kwa hiyo maoni kuhusu ushuru wa bando yapelekwe Aprili, kwa maandishi, kwa mbunge wako na kwa kamati inayoshughulikia fedha. Usiandike kwamba maisha ni magumu. Andika bando lilikugharimu shilingi ngapi kwa mwezi, ulipata kiasi gani kwa kulitumia, na ulipunguza nini lilipopanda bei. Hesabu hizo anza kuziweka kwenye daftari Januari, ziwe na miezi mitatu kamili muswada utakapofika.